Bustani yangu imefanana na picha, haifanani na mimi

SWALI

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, natazama kitu ambacho mwaka jana nilikiita bustani.

Tulihamia nyumba hii mpya miezi 14 iliyopita, mimi, mume wangu na watoto wetu wawili. Nyuma ya nyumba tuna uwanja wa mita 8 kwa 6, umezungushiwa ukuta. Mafundi walipoondoka walituachia ardhi tupu, ngumu, yenye mabonge ya saruji na vipande vya tofali. Tangu tukiwa wapangaji nilikuwa naota bustani, kwa hiyo sikutaka kungoja. Simuni nilikuwa na picha moja niliyoihifadhi: kokoto nyeupe, vichaka vilivyokatwa duara kama mipira, ukoka wa kijani katikati usio na hata jani moja lililoanguka. Nikasema hii ndiyo. Nikaenda kitaluni, nikarudi na miche 31 kwa mpigo, nikaipanda yote Jumamosi ile ile, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri.

Leo imebaki 11. Gadenia zimepata majani ya njano, ila mishipa ya majani bado ni ya kijani. Mingine ilioza pale shina linapoingia ardhini. Ukoka umekauka mabaka mabaka. Kokoto zimekuwa rangi ya vumbi, na mchana zinaumiza macho. Iliyopona karibu yote iko upande mmoja, chini ya ukuta ambao jua la alasiri haliupigi. Na si kwamba sijali. Namwagilia kila jioni, dakika 10 za mpira, uwanja mzima.

Mume wangu si mtu mbaya, Shangazi. Ila amechoka kuona hela na maji vinazama ardhini bila kuonekana. Wiki iliyopita alisema tumwage zege, tuweke vigae, yaishe. Sikumjibu kwa sababu sikuwa na jibu.

Kilichoniuma zaidi ni maneno ya rafiki yangu aliyenitembelea kabla mimea haijaanza kufa. Alisema, "Nzuri sana, kama ya hotelini." Alisema kwa nia njema, lakini usiku ule sikupata usingizi. Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa na bustani ambayo mtu mwingine angeona haina mpango: mrehani kando ya mlango, mwaridi uliopanda nguzo ya kamba ya kuanikia nguo, asumini chini ya dirisha la chumba tulicholala mimi na dada yangu. Ukiingia pale ulijua uko kwake. Alipofariki nyumba iliuzwa, nami nikachukua kitu kimoja tu, kipande cha ile asumini. Nikakichomeka kwenye kopo la rangi, kikaota. Nimekiweka nyuma ya tangi la maji kwa sababu hakiendani na ile picha. Kopo lina kutu, mmea umerefuka kama kamba, na haujatoa ua hata moja. Dada yangu kila akipiga simu lazima aulize, "Asumini ya mama iko hai?"

Shangazi, nianzie wapi? Na mtu hupataje bustani yenye sura yake mwenyewe? Au ni kipaji, mama alikuwa nacho na mimi sina?

Mwenye Kopo la Rangi

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole kwa mama.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara zote mbili nimejikuta nimesimama nyuma ya tangi la maji. Kokoto umezieleza, vichaka umevieleza, ukoka umeueleza, na hakuna hata kimoja ulichosema unakipenda. Ulipofika kwa mama ukakumbuka kila mmea ulikuwa wapi. Bustani yako unayo tayari, mwanangu. Iko kwenye kopo, na iko kwenye kumbukumbu yako ya mahali vitu vilipokaa. Tutaifikia. Acha kwanza nikutoe hofu ya kipaji.

Miche yako 20 haikufa kwa mkono mzito. Ilikufa kwa sababu zinazojulikana, na umeziandika zote wewe mwenyewe.

Jani la njano lenye mishipa ya kijani ni mmea unaokosa madini ya chuma. Mara nyingi chuma kimo udongoni, ila mizizi haiwezi kukifyonza kwa sababu udongo una chokaa nyingi, na chokaa yako imetoka kwenye yale mabonge ya saruji. Gadenia inataka udongo wenye uchachu, pH (kipimo cha uchachu) ya 5 hadi 6.5 hivi. Wewe uliipanda kwenye mabaki ya ujenzi. Usiiongezee mbolea, haitasaidia. Zilizo hai zing'oe na donge lake la udongo uzihamishie kwenye vyungu vyenye mboji safi, au uzigawe kwa mtu mwenye udongo unaozifaa. Kuugawa mmea usioelewana na udongo wako si kushindwa.

Iliyooza shingoni ilipandwa chini mno, au kokoto zilisukumwa hadi zikaikumbatia. Shina halikuumbwa likae kwenye unyevu kama mzizi. Mche ukae shimoni kwa kina kile kile uliokuwa nacho kwenye kiriba chake, wala usizidi, na chochote unachotandaza juu ya udongo kiache nafasi ya upana wa kiganja kuzunguka shina.

Halafu saa za kupanda. Saa nne hadi saa tisa ndiyo saa za jua kali kuliko zote, na mche uliotoka kivulini kitaluni siku hiyo hiyo hauna hata mizizi ya kunywea maji ya kutosha. Panda jioni, au siku ya mawingu.

Sasa hili la maji, na hapa naomba mume wako aje akae tusome pamoja. Tuseme mpira wenu unatoa lita 15 kwa dakika. Dakika 10 ni lita 150. Uwanja wa mita 8 kwa 6 una mita za mraba 48, kwa hiyo kila mita moja inapata lita 3 na kidogo, ambazo ni kina cha milimita 3 tu za maji. Maji hayo yanalowesha ngozi ya udongo, na jua la kesho linayachukua kabla mizizi haijayaona. Mizizi nayo hufuata maji yalipo. Ukiilisha juu inabaki juu, na siku ya jua kali inaungua. Badala yake chukua ndoo. Mmea mmoja, lita 10, umwage polepole pale chini hadi udongo ukubali kunywa, mara mbili kwa wiki. Mimea 11 ni lita 220 kwa wiki. Kwa mpira mlikuwa mnatumia lita 1,050. Siku za joto kali utaongeza, na mvua ikinyesha utaacha. Usiende kwa kalenda, chomeka kidole udongoni hadi kifundo cha pili: kikitoka kikavu mwagilia, kikitoka na unyevu rudi ndani.

Na ile iliyopona chini ya ukuta imekwambia habari muhimu kuliko zote. Hapo jua la asubuhi linafika na la alasiri halifiki. Kwa hiyo uwanja wako una sehemu mbili zisizofanana, na ile picha ya simuni ilizihesabu kuwa moja.

Sasa kazi, nayo haianzi na kununua chochote.

Keti hapo hapo kwenye ngazi na karatasi. Chora uwanja. Saa mbili asubuhi, saa sita mchana na saa kumi jioni, weka mstari pale kivuli kinapoishia. Fanya hivyo siku chache. Usisahau kwamba jua huhama kadiri mwaka unavyokwenda, kwa hiyo rudia baada ya miezi mitatu. Kwenye karatasi hiyo hiyo chora nyayo: mnapita wapi mkienda kuanika nguo, watoto wanakatisha wapi wakikimbia, maji ya mvua yanasimama wapi. Hizo nyayo ndizo njia zako. Njia iliyochorwa kwa kupendeza macho, watu wataikata kona na kukanyaga maua yako. Njia ya mtu mmoja inatosha kuwa na sentimita 60. Mkitaka wawili watembee sambamba wanazungumza, acha mita 1.2. (Nakushauri angalau moja iwe ya wawili.)

Kisha ujue udongo wako. Chimba shimo la sentimita 30 kwenda chini na 30 upana, lijaze maji, liache likauke, lijaze tena, uangalie maji yanashuka kwa kasi gani. Yakishuka sentimita 2 hadi 5 kwa saa, mizizi itapumua vizuri. Yakikaa pale pale hadi kesho yake, chini pameshindiliwa na magurudumu na miguu ya mafundi. Jaribio la pili: jaza udongo theluthi moja ya chupa ya kioo yenye mdomo mpana, ongeza maji hadi karibu na shingo, tikisa kwa nguvu, iweke mezani. Kichanga kinatulia chini ndani ya dakika moja hivi, tope laini ndani ya saa chache, na udongo wa mfinyanzi unaweza kuchukua siku nzima au zaidi. Waite watoto waone matabaka yakijipanga. Ukikuta mfinyanzi ni mwingi, usidanganywe uongeze mchanga, maana ukiwa kidogo hugeuza udongo kuwa kama tofali. Dawa ya mfinyanzi ni mboji, na dawa ya kichanga ni mboji hiyo hiyo.

Okota saruji yote unayoiona. Fungua ardhi kwa jembe la uma hadi sentimita 30, bila kupindua tabaka la chini kuja juu, kisha changanya mboji au samadi iliyooza vizuri. Usifungue uwanja wote. Fungua mita 2 kwa 3, basi. Nakusihi sana kwa hili. Kipande kidogo utakifuatilia kila siku na utajua kila kinachotokea. Uwanja mzima ndio uliokumaliza nguvu mwaka jana.

Kona iliyobaki anza lundo la mboji: majani makavu sehemu mbili au tatu, maganda na majani mabichi sehemu moja, unyevu wa sponji uliyoikamua. Likiwa na kimo na upana wa mita moja, litapata joto lenyewe. Ukichomeka mkono ndani utalisikia. Ukiligeuza kila wiki mbili, miezi mitatu au minne inatosha kupata kitu cheusi, laini, chenye harufu ya ardhi baada ya mvua. Ukoka uliokufa uingie humo, na majani yote yanayoanguka. Ile picha isiyo na jani lililoanguka ilikuwa bustani inayonyang'anywa chakula chake kila asubuhi.

Sasa nije kwa swali lako la kweli, la sura.

Unasema bustani ya mama haikuwa na mpango. Nisome nikuambie mpango wake. Mrehani ulikuwa mlangoni kwa sababu kila anayepita anaugusa kwa nguo, na ukiguswa tu unatoa harufu. Asumini ilikuwa chini ya dirisha la watoto kwa sababu harufu yake hukolea jioni na usiku, saa mlizolala. Mwaridi ulipanda nguzo ya kamba kwa sababu mama alisimama pale kila alipoanika, mikono juu, uso karibu na maua. Bustani ile ilipangwa na siku ya mama, kuanzia alipofungua mlango hadi alipowafunika nyinyi. Hakuna mmea uliokuwa mahali kwa ajili ya mgeni. Ndiyo maana mgeni alijua yuko kwa mama.

Na wewe fanya hivyo hivyo, kwa siku yako, si ya mama. Usijaribu kuijenga upya ile bustani yake, utajiumiza bure. Jiulize unasimama wapi asubuhi, na macho yako yanatua wapi ukiosha vyombo. Unarudi nyumbani saa ngapi? Ukirudi giza limeingia, basi maua meupe ndiyo yako, kwa sababu weupe hubaki ukionekana baada ya nyekundu na zambarau kumezwa na giza, na mengi yenye harufu ya usiku ni meupe. Watoto wako wanapenda kujificha wapi? Waachie pale pawe pao, wapande alizeti. Baada ya siku 7 hadi 10 zinachomoza, na mtoto hana subira ya zaidi ya hapo.

Kuna mtu mmoja ambaye bustani yake ilinifundisha haya kuliko nyingine. Derek Jarman, mtengeneza filamu wa Uingereza, alinunua kibanda cha wavuvi huko Dungeness miaka ya 1980, kwenye ufuko wa kokoto tupu, upepo wa bahari wenye chumvi, na kituo cha umeme wa nyuklia mbele ya macho. Alikuwa ameambukizwa virusi vya UKIMWI, wakati ambapo tiba za leo hazikuwepo. Alipanda mwaridi mwitu mmoja, akaokota ufukweni kipande cha mti kilicholetwa na maji, akakifanya mhimili wa kuushikilia. Bustani yake ilianzia hapo. Aliendelea kuokota mawe marefu ya ufukweni, vyuma vyenye kutu, minyororo ya zamani, akavipanga katikati ya mimea inayostahimili upepo ule. Hakuweka uzio. Alifariki mwaka 1994, na hadi leo watu wanasafiri kwenda kuitazama. Hakuna mtu mwingine angeweza kuwa na bustani ile, na isingeota mahali pengine popote.

Kwa hiyo kutu ya kopo lako usiionee haya. Una vipande vya tofali vilivyozagaa uwanjani. Vipange viwe ukingo wa njia, maana ni vya nyumba yenu wenyewe, rangi yake inafanana na kuta zenu. Kokoto nyeupe zitoe kwenye jua kali, ambako zinarudisha mwanga machoni na joto kwenye majani, uzihamishie kivulini chini ya ule ukuta. Huko zitaangaza mahali penye giza, na vumbi likizibadilisha rangi, ziache.

Nikuongezee jambo moja la macho. Miche 31 uliyoileta, nadhani ilikuwa ya aina nyingi, mmoja mmoja. Hapo ndipo bustani nyingi hupoteza sauti yake. Chagua aina tano au sita zinazostawi kwako bila kubembelezwa, na uzirudie. Tazama ile 11 iliyobaki: ukigundua aina fulani imepona sehemu tatu, hiyo ndiyo ya kuzidisha kwa vipandikizi. Katikati ya hiyo mimea iliyozoeana weka kile kimoja unachokipenda kupita kiasi. Na vile vichaka vya duara, viwili hivi usivikate msimu huu. Viache uone umbo lake halisi, na huenda vikachanua. Ukipanda kipya, uliza kitakuwa na upana gani kikikomaa, kisha uache upana huo tangu siku ya kwanza, hata kama utaona pengo. Pengo jaza kwa maua ya msimu mmoja.

Mume wako ana haki kwenye hesabu yake, na ningependa umwambie hivyo kabla hujamwambia lingine lolote. Usimwombe aamini bustani nzima. Mwombe mita 2 kwa 3 na miezi 6, maji ya ndoo, bila mche wa kununua. Kuhusu zege, mweleze mambo mawili: linahifadhi joto la mchana na kulirudisha jioni mnapotaka kupumzika, na maji ya mvua yaliyokuwa yakinywewa na ardhi yatatafuta njia, labda kuelekea mlangoni. Mweleze pia kwamba huko Essex, Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1990, mtunza bustani Beth Chatto aliyachukua maegesho ya magari yaliyoshindiliwa na matairi, akaivunja ardhi ile ngumu, akachanganya mboji, akapanda mimea ya kuvumilia ukame tu, na baada ya mimea kushika hakuimwagilia tena. Eneo lile ni kati ya yenye mvua chache zaidi Uingereza. Kwa hiyo ardhi yenu ngumu haijahukumiwa.

Lakini zaidi ya hoja hizo, muulize yeye huwa anapenda kukaa wapi akirudi jioni. Hukuniambia, na nashuku hujawahi kumuuliza. Hapo pawekwe kiti kabla ya mmea wowote. Akitaka vigae, viwekwe hapo chini ya kiti chake, mita mbili za mraba, na kando yake upande kitu anachokipenda yeye. Mtu huilinda bustani ambayo ina mahali pake.

Utunzaji wenyewe sina mengi ya kuongeza. Tandaza majani makavu au nyasi kavu juu ya udongo, unene wa sentimita 5 hadi 8, na nusu ya kazi ya kumwagilia na kupalilia itaisha. Magugu yang'oe kabla hayajatoa mbegu. Zunguka kila asubuhi dakika 10, mikono mitupu, bila kazi. Ukiwa na mkasi utakata kitu tu. Siku moja utakuta vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza utomvu, wamejaa kwenye ncha changa. Usikimbilie sumu. Wapige kwa maji ya nguvu, kisha tazama kama kuna sisimizi wanapanda na kushuka, kwa sababu sisimizi huwalinda vidukari ili wanywe utamu wanaoutoa. Ukiwazuia sisimizi, wale wadudu wadogo wenye mgongo mwekundu wa madoa meusi watakuja kuwala vidukari bila malipo.

Nimeiacha asumini mwisho kwa makusudi, kwa sababu ndiyo utakayoanza nayo leo.

Bibi yangu aliniachia mwaridi. Ulikuwa mmoja tu. Nilipohama niliuchimba kwa uangalifu wote, nikaupanda mahali pazuri kuliko ulipotoka, nikaumwagilia. Ukafa wiki ya tatu. Sikuwa nimekata hata kipandikizi kimoja kabla ya kuuhamisha. Ni miaka mingi sasa, na bado nikipita kwenye kitalu hutazama miwaridi ya rangi ile, ingawa najua si wenyewe. Kwa hiyo nakuomba kama mtu anayemwomba mwanawe: usiing'oe asumini ya mama koponi hadi iwe imezaa.

Haijachanua kwa sababu haina jua. Huo urefu wa kamba ni mmea unaokimbilia mwanga, na asumini huhitaji kama saa 6 za jua kwa siku ili itoe maua vizuri. Itoe nyuma ya tangi, lakini usiitupe juani mara moja, majani yataungua. Siku mbili tatu za kwanza iweke pale chini ya ukuta ipate jua la asubuhi saa moja tu, kisha uongeze kidogo kidogo kwa siku 10. Kagua kama kopo lina matundu chini. Kama halina, toboa.

Na hiyo kamba unayoiona mbaya ndiyo itakayokusaidia. Chukua kopo la pili, lijaze nusu mboji nusu mchanga, liweke kando ya la kwanza. Chagua tawi refu lisilo changa sana, lipinde taratibu hadi lifike kwenye kopo la pili. Pale kifundo cha jani kinapogusa udongo, kwangua gome upande wa chini kwa kisu safi, urefu wa ukucha. Lizike sentimita 3 au 5, weka jiwe juu lisiinuke, na ncha yake iache nje ikitazama juu. Usilikate kutoka kwa mama yake. Litaendelea kunyonya kwake wakati linatafuta mizizi yake lenyewe. Weka unyevu, usivute vute kuangalia. Baada ya wiki 6, labda miezi 3, utaona majani mapya kwenye ncha. Ukilivuta kidogo kwa vidole viwili litakataa. Hapo ndipo ukate kamba ile kati ya makopo mawili.

Kwa tahadhari, kata pia vipandikizi sita vya sentimita 10 hadi 15, kila kimoja chini kidogo ya kifundo, ondoa majani ya chini, uache mawili au manne juu, uvichomeke kwenye mchanganyiko huo huo, ufunike kwa mfuko unaopitisha mwanga, kivulini. Vingine vitaoza. Viwili vikiota umeshinda.

Ukishakuwa na mmea wa pili wenye mizizi, huo ndio utakaoupanda ardhini, chini ya dirisha la chumba unacholala, kama kuna jua hapo. Mmea wa kwanza ubaki kwenye kopo lake la kutu kwa usalama, karibu na ngazi. Na wa tatu usiubakize kwako kabisa, kwa sababu mmea uliopo nyumba mbili ni vigumu kupotea. Dada yako akipiga simu tena, mwambie iko hai, na mwambie atafute dirisha lenye jua.

Shangazi yako